Kiswahili cha Mgeni Katika Nchi ya Buha: Uhakiki wa Vitabu vya Mafunzo

Tangu Edward Steere, aliyekuwa baadaye askofu wa Zanzibar, atoe kitabu chake cha sarufi na msamiati mwaka 1870, vitabu vya kumfundisha mgeni Kiswahili vimekuwa aina maalumu ya maandishi, yenye desturi zake na wasomaji wake. Vitabu hivyo vimesifiwa na kulaumiwa mara nyingi kwa usahihi wa sarufi yao. Havijapimwa vya kutosha kwa kipimo cha pili, nacho ni hiki: je, mtu aliyekisoma kitabu mpaka ukurasa wa mwisho aweza kukaa na watu? Aweza kuamkia, kununua, kuuliza habari za mgonjwa, kukataa bila ya kuudhi, na kuomba bila ya kuamuru? Kipimo hicho ndicho kinachotumiwa katika makala haya. Mahali pa kupimia ni Kasulu na Kibondo, katika nchi ya milima ya Mkoa wa Kigoma. Na mtu wa kupimiwa ni mgeni wa ng'ambo ajaye kufanya kazi ya kujitolea katika shule, zahanati au kambi ya wakimbizi.

Mahali hapa hapakuchaguliwa kwa bahati tu. Mgeni aliyejifunzia Kiswahili darasani hudhani kwamba anakwenda kukutana na wenye lugha. Afikapo Kasulu akuta kwamba lugha ya nyumbani, ya shambani na ya msibani ni Kiha, na kwamba Kiswahili ni lugha ya pili kwa jirani yake kama ilivyo kwake yeye. Jambo hilo, ambalo ni la kawaida katika sehemu kubwa ya Tanzania bara, vitabu vyetu karibu vyote vimelipita kimya.

VITABU VYENYEWE

Vitabu vya mgeni vyaweza kugawanywa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la sarufi kamili. Hapa anasimama Steere, aliyekieleza Kiswahili kama kilivyosemwa Unguja. Na juu yake anasimama E. O. Ashton, ambaye kitabu chake cha mwaka 1944 kingali hakijapitwa kwa namna kinavyofafanua maumbo ya maneno pamoja na kazi zake. Ashton hakuridhika kumpa mwanafunzi orodha ya viambishi. Alimtaka aone wazo lililo nyuma ya kiambishi. Tena aliingiza habari za kupanda na kushuka kwa sauti katika sentensi, jambo ambalo wengi kabla yake hawakulijali.

Fungu la pili ni la vitabu vyepesi vya kujifundishia mwenyewe. Kinachojulikana zaidi ni kile cha D. V. Perrott cha mwaka 1951, ambacho kimesafiri katika mikoba ya wageni wengi kuliko kitabu kingine chochote cha aina yake. Katika fungu hili hili, lakini katika daraja ya chini, vimo vijitabu vya Kiswahili cha masetla, kama kile alichokitoa F. H. Le Breton huko Kenya mwaka 1936 kwa ajili ya askari, masetla, wachimba madini, wafanyi biashara na wake zao. Orodha hiyo ya wasomaji yatosha kumwonyesha mtu ni mazungumzo ya namna gani yaliyokusudiwa: ya mwenye kuagiza na mwenye kuagizwa.

Fungu la tatu lilizaliwa na miaka ya Uhuru. Mwaka 1961, kabla ya bendera ya Tanganyika kupandishwa tarehe 9 Desemba, kikundi cha kwanza cha vijana wa Kimarekani wa Peace Corps kilifika nchini: wapimaji ardhi, mainjinia na wanajiolojia. Walikuwa wamepata mafunzo El Paso, Texas, na walipofika waliendelea kufunzwa Kiswahili huko Tengeru, karibu na Arusha. Kuwafundisha vijana wengi kwa majuma machache kulihitaji njia mpya. Njia hiyo ilikuwa ya mazoezi ya kinywa: swali fupi na jibu fupi, yanayorudiwa huku neno moja likibadilishwa. Earl Stevick na wenzake walitunga mazoezi kama hayo katika miaka ya 1960 kwa ajili ya watumishi wa serikali ya Marekani. Edgar Polomé, aliyewahi kufundisha Elisabethville katika Kongo, alitoa mwaka 1967 kitabu cha kueleza lugha kwa jumla, na ndani yake alikumbuka kwamba Kiswahili kina sura nyingi. Baadaye walifuata Sharifa Zawawi mwaka 1971, na Hinnebusch na Mirza mwaka 1979, ambao waliyapa mazungumzo nafasi kubwa zaidi. Vijana wa Peace Corps waliondoka Tanzania mwaka 1969 na kurudi mwaka 1979. Vitabu vilivyotungwa kwa ajili ya watu kama wao viliendelea kutumika kwa wageni wa mashirika mengine.

Mafungu haya matatu yana tofauti kubwa, lakini yana dhana moja inayoyaunganisha: kwamba upande wa pili wa mazungumzo yuko Mswahili. Hapa ndipo uhakiki unapopasa kuanzia.

NCHI NA LUGHA ZAKE

Buha ya zamani ilikuwa na falme kadhaa, kila mmoja na mwami wake. Heru ndiyo nchi ya Kasulu; Muhambwe ndiyo nchi ya Kibondo; Buyungu ndiyo nchi ya Kakonko, ambayo ilikatwa kutoka Kibondo na kuwa wilaya mwaka 2012. Lugha ya nchi hizi Malcolm Guthrie aliiweka katika kundi moja na Kirundi na Kinyarwanda na kuipa alama D66. Msamiati wake uliopangwa kitaalamu ulitolewa Tokyo na Nakagawa mwaka 1992. Wenyewe huiita Giha, na jina hilo peke yake ni somo la sarufi: kiambishi ki- hugeuka gi- kitanguliapo silabi inayoanza na konsonanti isiyo na mghuno. Mgeni aliyekwisha jifunza kwamba lugha huingia katika ngeli ya ki- angeweza kuelezwa hayo kwa dakika tano, na tangu siku hiyo angesikia Giha kama ndugu wa Kiswahili, si kama kelele. Angesikia umuntu na abantu, na kutambua mtu na watu waliotanguliwa na irabu. Angesikia ikintu, na kutambua kitu.

Kiswahili chenyewe kilifikaje huku? Ujiji, mwambao wa Ziwa Tanganyika, palikuwa kituo cha misafara tangu kabla Burton na Speke hawajafika mwaka 1858. Lakini nchi ya milimani ilikuwa na habari nyingine. Mwaka 1871 Henry Stanley, alipopita Buha akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone, alitozwa hongo mara kwa mara, mpaka mwisho akaona afadhali kupita usiku kwa siri. Neno hongo wakati huo lilikuwa na maana ya ushuru wa kupita katika nchi ya mtu, yaani haki ya mwenyeji juu ya mgeni. Leo maana yake ni rushwa. Mgeni anayesoma masimulizi ya zamani kwa kamusi ya sasa atawadhania Waha wa wakati ule kuwa walikuwa wala rushwa, kumbe walikuwa wakitoza kodi mpakani mwao. Hilo ni kosa la lugha linalozaa kosa la historia.

Baada ya misafara ilikuja shule na boma, na baada ya boma ikaja kodi. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na katika wakati wa Waingereza Buha ilifanywa kuwa chemchemi ya vibarua wa mashamba ya mkonge ya Tanga. Vijana wa Kasulu na Kibondo waliandikishwa, wakapewa namba, wakaitwa manamba. Wengi wao walijifunza Kiswahili huko, katika safu za mkonge, miongoni mwa watu wa makabila mengine waliokuwa wageni kama wao. Waliporudi walirudi na lugha. Kwa hiyo katika nyumba nyingi za Buha Kiswahili hakikuletwa na mwalimu tu. Kililetwa pia na babu aliyekwenda mbali kufanya kazi, akafika mahali asipojuana na mtu, akalazimika kujifunza maneno ya kuishi nayo. Nchi hii yajua vema maana ya kuwa mgeni. Kitabu ambacho kingemwambia mgeni wa leo habari hiyo moja kingempa heshima kwa wenyeji wake kuliko kurasa nyingi za mazoezi.

Hatimaye walikuja wakimbizi. Baada ya mauaji ya mwaka 1993 katika Burundi, na vita vya Kongo vya mwaka 1996, kambi zilifunguliwa katika wilaya za Kibondo na Kasulu za wakati ule: Kanembwa, Mtendeli, Nduta, Mtabila, Muyovosi, Nyarugusu. Baadhi zilifungwa, na Nduta na Mtendeli zikafunguliwa tena baada ya machafuko ya Burundi ya mwaka 2015. Mtendeli ikafungwa tena mwaka 2021. Katika kambi hizo mgeni wa ng'ambo alikuta Kirundi, ambacho Mha hukielewa bila ya kufundishwa, na Kiswahili cha Kongo, ambacho kina maneno na maumbo yasiyomo katika kitabu chake. Mkongo wa Nyarugusu na Mha wa Kasulu wote wawili wasema Kiswahili, na wote wawili hawakisemi kama Ashton alivyokiandika. Si kwamba Ashton alikosea. Kitabu chake kilieleza mahali pengine.

SALAMU

Katika vitabu vingi salamu zimefungiwa katika somo moja, mwanzoni au katika nyongeza ya mwisho, kisha mwanafunzi hazioni tena. Hupewa hujambo na sijambo, habari na nzuri, labda shikamoo na marahaba, halafu huendelea na ngeli ya M-WA. Mpango huu wamfundisha kwamba salamu ni mlango wa kupitia haraka ili kuyafikia mazungumzo yenyewe.

Katika Buha salamu ni sehemu ya mazungumzo yenyewe. Watu huamkiana mwakeye asubuhi na mwidiwe alasiri, mara nyingi kwa kupiga makofi polepole na kuinama, na huulizana habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe na za shamba, bila ya haraka. Mgeni anayesema hujambo huku miguu yake ikiendelea kwenda, amesema neno sahihi lakini hajaamkia. Tena yafaa itazamwe sarufi ya salamu hizo za Giha: mw- ni kiambishi cha nafsi ya pili wingi, nacho hutumiwa hata kwa mtu mmoja kwa ajili ya heshima. Ndiyo maana Mha asemapo Kiswahili aweza kumwuliza mzee mmoja mmeamkaje. Mgeni aliyefundishwa kwamba m- ni wingi tu atatafuta watu wengine walio nyuma ya mzee, au atadhani mwenyeji amekosea sarufi. Hakukosea, amechukua adabu ya lugha yake na kuiweka katika Kiswahili.

Kuna jambo zito zaidi. Vitabu vyafundisha kwamba jibu la habari ni nzuri, lakini mara chache vyaeleza kwamba nzuri hiyo ni jibu la salamu na si taarifa. Mama aweza kusema: Habari za nyumbani nzuri, ila mtoto hajalala siku tatu. Nzuri yatangulia kwa sababu adabu yataka itangulie. Habari yenyewe iko baada ya ila. Mgeni aliyekuja kusaidia katika zahanati, akiuliza habari na kuandika nzuri kisha akamwita mgonjwa afuataye, amemkata mama huyo katikati ya sentensi. Vivyo hivyo sijambo kidogo: kwa mtu wa kitabu ni afya, kwa msikilizaji aliyezoea ni ugonjwa unaotajwa kwa staha.

KUOMBA NA KUAMURU

Kwa kuwa shina la kitenzi ndilo umbo rahisi kuliko yote, watunzi wa vitabu wengi hulifundisha mapema, na umbo hilo peke yake ni amri: soma, ngoja, fanya. Kwa upande wa sarufi mpango huu ni wa akili. Kwa upande wa maisha ni msiba. Mgeni hupata amri katika juma la kwanza, na dhamira tegemezi, ambayo ndiyo njia ya adabu, huipata baada ya miezi, akiwa amekwisha zoea kuamuru.

Ili kupoza ukali huo hupewa neno tafadhali, kana kwamba ni dawa ya kunyunyizia juu ya amri yoyote. Lakini tafadhali lete maji ni amri ingali, ijapokuwa imevaa kanzu. Mwenyeji wa Kasulu anayetaka maji kwa jirani husema naomba maji, au nisaidie maji, au hutumia kitenzi chenye kiambishi cha kutendea: niletee maji, mama. Heshima iko katika kitenzi omba, katika kinyambuo -e-, na katika jina la kumwita mtu; haiko katika neno moja la kutangulia. Ashton alieleza kinyambuo hicho kwa ustadi mkubwa, lakini alikieleza kama uhusiano wa kitenzi na yambwa, na ndivyo sarufi inavyotaka. Mwalimu wa mgeni ilimpasa kuongeza kwamba kinyambuo hicho hicho ndicho kinachogeuza amri kuwa ombi.

Sokoni hali ni hiyo hiyo. Mgeni hufundishwa kuuliza bei gani na kujibiwa kwa tarakimu. Hafundishwi kwamba nyanya huuzwa kwa fungu na maharage kwa kisado au debe, kwamba mtu huuliza unauzaje, kwamba husema nipunguzie na baada ya kulipa huomba nyongeza, na kwamba haya yote hayafanywi kabla ya salamu. Dagaa, migebuka na mawese ya ziwani, muhogo, maharage na ndizi za milimani: hivi ndivyo vitu ambavyo mgeni atavitaja kila siku ya maisha yake Kibondo, na ni bahati akivikuta vyote katika kitabu chake.

Majina ya kuwaita watu nayo yamepuuzwa. Vitabu vyatoa bwana na bibi, na katika vile vya baada ya Uhuru ndugu. Lakini mwanamke mwenye mtoto huitwa kwa jina la mtoto wake, mwalimu huitwa mwalimu hata akiwa amestaafu, na mtu mzima haitwi wewe na kijana. Mgeni asiye na mtoto huulizwa kama ana watoto, na jibu la adabu si hapana bali bado. Neno hilo dogo, ambalo vitabu vyalifundisha kama kielezi cha wakati, ni falsafa nzima: halifungi mlango wa lijalo.

NDIYO NA HAPANA

Mfano mmoja watosha kuonyesha kwamba mambo haya si mapambo. Muuguzi mgeni amwuliza mgonjwa: Hukunywa dawa jana? Mgonjwa ajibu: Ndiyo. Kwa desturi ya Kiingereza mgeni hudhani kwamba dawa ilinywewa. Kwa desturi ya Kiswahili ndiyo huthibitisha kauli ya swali jinsi ilivyo: ndiyo, sikunywa. Kadi ya mgonjwa imeandikwa kinyume cha ukweli, na kila mmoja wa wawili hao ametumia lugha yake sawasawa.

Kanuni hii yaweza kuelezwa kwa mistari mitatu, na ingestahili kuwekwa katika sura ya kwanza ya kitabu chochote kinachokusudiwa watu wa afya, pamoja na onyo la kutouliza kwa kukanusha. Badala yake, katika vitabu vingi ukanushaji hufundishwa kama jedwali la viambishi: si-, hu-, ha-, hatu-, ham-, hawa-. Mwanafunzi huyajua maumbo yote ya kukanusha, wala hajui maana ya kukubali.

NENO KUJITOLEA

Neno lenyewe linalomtaja mgeni huyu lastahili kuchunguzwa. Kamusi hutafsiri kazi yake kwa kitenzi jitolea, na jambo likaonekana limekwisha. Lakini kitenzi hicho kina ujenzi wenye maana: toa ni kutoa, tolea ni kutoa kwa ajili ya mtu au jambo fulani, ji- yarudisha tendo kwa mtendaji. Ajitoleaye ajitoa mwenyewe kwa ajili ya kitu, na sikio la Mswahili hungoja kukisikia kitu hicho. Amejitolea nini, na kwa nani?

Tena neno hili lina historia yake nchini. Katika miaka ya Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, na ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, kujitolea kulikuwa ndugu wa kujitegemea: kulikuwa kufyatua matofali ya shule, kulima barabara, kuchimba mfereji, bila ya ujira. Kigoma ilikuwa miongoni mwa mikoa ya kwanza kuhamishiwa watu vijijini, katika operesheni ya mwaka 1972, na wazee wengi wa Kasulu na Kibondo walilisikia neno kujitolea pamoja na maneno kijiji, mwenyekiti na mtendaji, wakati mwingine bila ya kuulizwa kama wapenda kujitolea au la. Kwa hiyo mgeni anapojitambulisha kwamba amekuja kujitolea, huku akiwa na nyumba aliyopewa, posho ya kila mwezi na tiketi ya kurudia kwao, wasikilizaji wake hupima neno kwa mizani yao. Hawamkatalii. Lakini hushangaa kidogo, na mshangao huo hakuna kitabu kilichomwandaa kuuelewa.

Kiswahili kina methali inayoeleza hali yake vizuri kuliko kamusi: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii hutajwa mara nyingi kwa mzaha dhidi ya mgeni anayekaa sana. Lakini yaweza kusomwa kwa upande wa pili: mtu apewaye jembe amekwisha hesabiwa kuwa wa nyumbani. Swali kwa mgeni wa Kibondo ni kama lugha aliyofunzwa yamwezesha kulipokea jembe hilo, au yamweka daima katika siku ya kwanza, siku ya kukaribishwa kitini na kupewa soda.

HOJA YA UPANDE WA PILI

Wapo watakaosema kwamba lawama hizi ni za haki kwa nadharia lakini hazitekelezeki. Kitabu kimoja hakiwezi kufundisha Kiswahili cha kila wilaya. Mgeni aweza kupelekwa Mtwara badala ya Kasulu. Afadhali apewe lugha sanifu, kisha ajifunze ya mahali afikapo. Hoja hii ina nguvu. Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja na kusimamiwa na kamati ya mwaka 1930, ndicho kilichomwezesha Mha, Mmakonde na Mkurya kusoma gazeti moja. Mtu asidhani kwamba kwa kuwa Kiswahili cha Buha si cha Unguja, basi mgeni aruhusiwe kutupa upatanisho wa ngeli na kusema kama masetla wa zamani. Watu wa Kasulu wamesoma shule; hutambua mara moja nani amejitaabisha kujifunza na nani ameona lugha yao haistahili taabu. Anayesema kitabu yangu kwa watu wasemao kitabu changu hajakaribia wenyeji wake, amewadharau.

Lakini hoja hiyo yachanganya mambo mawili. Kinachotakiwa si sarufi nyingine, bali mpango mwingine na maelezo mengine. Salamu zisizokwisha, ombi lisilo amri, ndiyo inayothibitisha, bado isiyofunga mlango: haya si ya wilaya moja. Mengi ni ya Tanzania nzima, na pwani pia. Buha yayaonyesha waziwazi zaidi kwa sababu mwenyeji na mgeni wote wawili wanakutana katika lugha ambayo kila mmoja aliifuata kutoka kwake. Kilicho cha Buha peke yake ni kidogo: salamu mbili tatu za Giha, maneno machache ya chakula na ya jamaa, na onyo juu ya mw- ya heshima. Hayo yatosha kijikaratasi cha kurasa nne, ambacho chaweza kuandikwa kwa kila wilaya na kutiwa ndani ya kitabu kilicho kimoja kwa wote.

YAPASAYO KUFANYWA

Kazi hii ni ya wataalamu wa lugha na si ya mashirika yanayoleta wageni. Kwanza, yapasa Kiswahili kisemwacho Kasulu, Kibondo na Kakonko kirekodiwe na kuchunguzwa kwa namna ile ile ambayo lahaja za pwani zimechunguzwa: matamshi yake, athari za toni na za urefu wa irabu za Giha, na maumbo yake ya adabu. Utafiti wa lugha za Tanzania uliofanywa na Polomé na wenzake na kuchapishwa mwaka 1980 ulifungua njia kwa kuuliza nani husema lugha gani, wapi na kwa nani. Swali hilo lahitaji sasa kuulizwa kijiji kwa kijiji. Pili, mazungumzo ya vitabu yatungwe kutokana na sauti zilizorekodiwa, na siyo kutokana na sentensi za Kiingereza zilizopewa nguo za Kiswahili. Tatu, dhamira tegemezi na kinyambuo cha kutendea vifundishwe kabla ya amri, hata kama kwa sarufi jambo hilo ni gumu zaidi. Ugumu huo mwanafunzi atauvumilia, bali tabia ya kuamuru ikiota mizizi haing'oki. Nne, walimu wa wageni wawe pamoja na watu waliojifunza Kiswahili ukubwani, kwa maana wao wayajua mashimo ya njia.

Vitabu vilivyotajwa vilitungwa na watu walioipenda lugha, na lawama zilizotolewa hapa hazipunguzi deni ambalo kila mwanafunzi wa Kiswahili analo kwa Ashton hasa. Lakini Ashton aliandikia watumishi wa dola ambayo imekwisha, na Stevick aliandikia haraka ya miaka ya kwanza ya Uhuru. Mgeni anayeshuka leo katika stendi ya Kibondo, akiwa na mkoba wake na vumbi la barabara, hakutumwa na dola ile. Amekuja kwa ruhusa ya watu wa mahali hapo, na atakaa kwa hisani yao. Lugha anayofundishwa yapasa ilingane na hali hiyo.